Shemeki wa Bruxelles na Anwani ya Mke Wangu

Kabla ya haya yote mke wangu alikuwa na anwani ya Yahoo aliyofunguliwa na kijana wa saiberi moja ya mjini, enzi zile saa ya intaneti ikilipiwa kabla hujakalia kiti. Kijana aliuliza jina, akaliandika, mashine ikalikataa. Akaongeza mwaka wa kuzaliwa, ikakataa tena. Mwishowe akaunganisha jina la kifungua mimba wetu, kistari cha chini na tarakimu alizozipenda yeye mwenyewe, mashine ikaridhika. Neno la siri alilinakili nyuma ya risiti, na risiti mke wangu akaihifadhi ndani ya Biblia. Sasa Biblia ya kwetu Katuba huazimwa na kila jirani anayekwenda kesha, kwa hiyo sitashangaa nikiambiwa kwamba nusu ya avenyu inalijua neno lile.

Anwani ile ilimtosha. Lubumbashi hii hakuna wa kumcheka mwenye Yahoo. Toka Uwanja wa Posta, pale penye sanamu ya Moïse Tshombe, utembee ukisoma mabango: mawakili, kliniki, shule, mafundi wa mabati, wote yahoo.fr na gmail.com, na hata vichwa vya barua za ofisi kubwa havina tofauti. Tena mke wangu ni mpishi wa shughuli. Arusi, ubatizo, kilio, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU anayetetea kazi yake ya mwisho: wote hao huwapelekea masufuria, meza na wasichana wa kugawa chakula. Oda huja kwa simu, au kwa mtu anayegonga geti saa kumi na mbili asubuhi akiwa na msiba. Hakuna mfiwa anayetuma barua pepe.

Kilichotuingiza matatani ni shaba. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi ambazo kampuni kubwa huwagawia wengine ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi uko mikononi mwa Wakongomani. Mgodi hauchimbi tu, unakula pia, na kila siku. Rafiki yake wa kwaya akamtia hamu: andikisha kampuni, upike kantini. Akahangaika akapata namba ya RCCM, Id. Nat., namba ya kodi, karatasi ya ARSP, picha nne zenye sura ya mtu aliyekasirika. Akapeleka dosie kwenye ofisi ya manunuzi ya mgodi mmoja ambao nitauacha bila jina.

Bibi wa manunuzi alipitia karatasi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye anwani akavua miwani.

“Mama, hizi tarakimu za mwisho ni za nini?”

“Sijue,” akasema mke wangu, na kweli hakuwa anajua.

Akaelezwa kwa adabu kwamba mfumo wao wa kusajili wauzaji unataka jina la kampuni baada ya alama ya @. Bila hilo hasajiliwi, na asiyesajiliwa halipwi.

Jioni ile ukaitwa mkutano chini ya mwembe. Alikuwepo mama mkwe, ambaye tunakaa naye. Mjomba wa mke wangu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Mpwa wangu anayesoma informatiki. Na watoto, ambao hawakuitwa. Mpwa akatufafanulia. Jina la kikoa halinunuliwi, linakodishwa kwa mwaka. Unakwenda kwa msajili, unatafuta jina ambalo halina mtu, unalipa, linaandikwa kwenye daftari la dunia. Halafu unatafuta kampuni ya kukuhifadhia barua, ambayo inaweza kuwa nyingine kabisa. Halafu unaandika rekodi zinazoyaunganisha hayo mawili.

“Kumbe ni BP,” akasema mama mkwe.

Marehemu mume wake alikuwa na sanduku lake posta wakati barua zikiwa barua. Alililipia kila mwaka, na mwaka ambao mtu hakulipa, posta ilibadilisha kufuli bila kumwuliza ana barua ngapi mle ndani. Mpwa akakubali kwamba ndiyo, ni hivyohivyo.

“Na ufunguo utakaa na nani?”

Swali lake halikujibiwa, kwa sababu wakati huo tulikuwa tumeshaanza kugombania jina. Mji mzima unamwita mke wangu kwa jina la kifungua mimba, basi mtoto wa pili akasema hiyo si haki, yeye ndiye anayebeba masufuria. Mjomba alitaka neno Katanga liingie popote litakapoenea. Mama mkwe alitaka jina la bibi yake, ambalo ndilo alilompa mke wangu. Mpwa akawa anarudia kama katekista: liwe fupi, lisiwe na herufi yenye alama juu, lisiwe na kistari, kwa sababu mtakuja kulitamka kwenye simu mtandao ukikatikakatika. Bibi wa zamani akashinda. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana bado tunalilipia.

Ikabaki mkia wake. Mjomba ni mzalendo, alitaka .cd, ya kwetu. Hapo akaharibu kesi yake mwenyewe kwa kutueleza historia. Zamani nchi ilikuwa na .zr, ya Zaire. Mobutu alipoondoka Mei 1997 na nchi ikarudia jina la Kongo, zikaja herufi za .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Mzee huyu alizaliwa Elisabethville, akasoma Lubumbashi, akaajiriwa Zaire na kustaafu Kongo bila kuhama Katuba hata siku moja, kwa hiyo majina kubadilika kwake si habari. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

“Basi nipeni .com,” akasema. “Haina raisi.”

Kulipa ndiko kulikotufikisha Bruxelles. Nyumbani kwetu pesa za simu tunazo za mitandao mitatu, zinalipa ada za shule, unga, na fundi wa pampu. Lakini ukurasa wa msajili uliomba tarakimu kumi na sita za kadi ya benki, na katika ukoo mzima wa upande huu wa dunia hakuna aliyekuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Upande wa pili yuko shemeki wangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi Ubelgiji. Akapigiwa. Kabla bukari haijaiva alikuwa amekwisha kulipa, kisha akatuma picha ya skrini na mikono miwili ya kuomba.

“Yaya, ni zawadi. Dola kumi na mbili tu. Wewe ndiye uliyenisomesha.”

Mke wangu alilia. Akaionyesha picha ile kwa mama mkwe, kwa wasichana wa jikoni, na kwa muuza makaa aliyekuwa amekuja kudai pesa yake. Akaunti ilifunguliwa kwa jina la shemeki, kwa kadi ya shemeki, na barua za akaunti zikawa zinakwenda kwa shemeki. Sote tulimwombea baraka.

Jumamosi mpwa akaja na kompyuta yake. SNEL, wenye umeme, nao wakaja na delestaji, wakaukata. Sehemu ya umeme wetu huletwa na ule waya wa Inga unaotembea kilomita 1,700 kabla ya kufika Kolwezi, na ukiongeza njia ya kutoka Kolwezi na njaa ya migodi iliyoko hapo kati, kinachofika Katuba kimeshachoka. Kompyuta ikawekwa juu ya friza, ambayo siku kama hizo ni meza. Simu ya kuleta intaneti ikafungwa kwa kitambaa kwenye nondo za dirisha la jikoni, mahali pekee penye mtandao, ikiangaliana na mbabula iliyokuwa na sufuria ya maharage. Moshi ulipokuja, mpwa aliandika amefumba macho.

Kazi yenyewe ni ndogo kwa kuangalia. Kuna rekodi inaitwa MX. Inaiambia dunia nzima kwamba barua za jina hili zipelekwe kwenye seva fulani. Unaandika jina la seva na mbele yake namba ya kipaumbele: yenye 10 inajaribiwa kwanza, yenye 20 inangoja. Msajili wetu alikuwa wa gharama nafuu na ukurasa wake ulikuwa mkavu, mistari mitupu bila maelezo. Mpwa akajaza, akabonyeza, akasimama akajinyoosha, akasema tayari. Binti yetu mkubwa akachukua simu ya mama yake akatuma barua ya majaribio kutoka Yahoo: “Mama, sombe inaungua.”

Barua ikarudi hapohapo ikiwa na maelezo marefu ya Kiingereza.

Mpwa akalaumu mtandao. Akatuma nyingine, nayo ikarudi. Akalaumu mega, nikanunua nyingine kwenye kibanda cha jirani. Ikarudi. Mke wangu akaanza kusema kwamba yule bibi wa manunuzi ana jicho baya. Binti ndiye aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akasoma yale maelezo neno kwa neno.

“Yaya, mbona jina letu liko mara mbili?”

Kweli lilikuwepo mara mbili. Barua ilikuwa inatafuta seva ambayo jina lake limeandikwa vizuri hadi mwisho, kisha limegandishwa jina la bibi yetu mzima, na .com yake. Seva kama hiyo haipo duniani. Mpwa alitazama, akanyamaza, akanyoosha kidole kimoja akabonyeza nukta. Nukta moja, mwisho kabisa wa jina la seva. Katika daftari hizi jina lisilomalizika kwa nukta huhesabiwa kuwa halijaisha, na mashine hulimalizia yenyewe kwa kuongeza jina la mwenye nyumba. Ukiweka nukta, umeiambia: ishia hapo.

Tukafikiri yamekwisha. Barua iliyofuata nayo ikarudi, kwa sababu mashine za njiani huandika jibu zililopewa na kulikariri kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi yenyewe. Mpwa alikuwa ameacha 86,400, kama alivyoikuta. Hizo ni sekunde. Ni siku nzima. Betri ilikuwa imebaki chembe, maharage yameiva, na kosa lilikuwa limesharekebishwa lakini dunia ilikuwa bado inalikumbuka. Tukala. Jumapili tulipotoka misa, simu ya mke wangu ikalia ndani ya mkoba: sombe inaungua. Alipiga kigelegele hata majirani wakaja kuuliza nani amezaa.

Barua ya kwanza aliyomwandikia bibi wa manunuzi ilitua kwenye barua taka. Kupokea ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Mtu yeyote anaweza kuandika jina lako juu ya bahasha, kwa hiyo wapokeaji wanataka rekodi nyingine, SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na DKIM, ambayo ni sahihi inayowekwa kwa kila barua ili ionekane haijaguswa njiani. Google na Yahoo walikaza masharti hayo Februari 2024, na wengine wakafuata nyayo. Mpwa aliweka SPF mbili ili kujihakikishia, kumbe jina moja linaruhusiwa moja tu, zikiwa mbili zote hazina maana. Binti akafuta moja. Kuanzia hapo ikawa mpwa anakuja kula na binti anafanya kazi.

Kifurushi tulicholipia kilikuja na visanduku kadhaa, na nyumba ikaingiwa na wazimu. Mke wangu alichukua info@ na akawekewa nyingine ya jina lake. Mtoto wa miaka tisa alitaka raisi@, akapewa baada ya kuahidi kuosha vyombo, na vyombo havikuoshwa. Mjomba alikataa, akasema atasubiri .cd. Mama mkwe hakuomba, lakini alipewa, na kumbe tulimfungulia kazi. Kila asubuhi, akiwa kwenye mkeka wake anachambua mchele, anauliza: “Nimeandikiwa?” Ukimwambia bado, anatikisa ungo kwa nguvu zaidi. Raisi akalazimika kumwandikia bibi yake kila siku kabla ya shule, mistari miwili ya Kifaransa chenye makosa, na binti anamsomea kwa sauti, na yeye anajibu kwa mdomo tu, majibu marefu yenye habari za Kasenga na za samaki wa Luapula, ambayo hakuna mtu anayeyaandika.

Mchoraji akaja kuandika anwani kwenye geti. Alama ya @ aliichora kubwa kama sinia. Aproni za wasichana zikatariziwa. Oda ya kwanza ikaja rasmi, chai na vitumbua vya semina, halafu ya pili. Fatura ikatumwa kutoka info@, mfumo ukaitambua, pesa ikaingia benki bila mke wangu kumpigia mtu hata mmoja magoti. Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ilikuwa kampuni.

Kisha kukawa na kilio Likasi. Shangazi yao alifariki, ukoo ukachanga, na shemeki akatuma mchango wake kupitia binamu mmoja badala ya kupitia dada yake. Pesa ilifika ikiwa imepungua. Mke wangu akaweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mimi niliusikia ukirekodiwa, na naweza kusema tu kwamba haukuwa mfupi. Alitaja kila kitu, kuanzia ada ya shule ya sekondari ya shemeki mpaka viatu vya harusi yake. Binamu alijibu kwa kicheko. Shemeki hakujibu. Ikaonekana ile sentensi ndogo ya kijivu kwamba fulani ametoka kwenye kundi, na sisi tunajua kwamba mtu anaweza kukosa kilio chenyewe akasamehewa, lakini kutoka kwenye kundi ni kuvunja chungu.

Miezi ikapita. Mwishoni mwa Novemba bibi wa manunuzi akaandika, lakini kwa WhatsApp: “Mama, mail yako inarudi. Tunakuhitaji tarehe 4.” Tarehe 4 Desemba ni Mtakatifu Barbara, somo wa wachimba migodi, na huku kwetu siku hiyo mgodi lazima ule vizuri. Mke wangu alikubali kabla hajamaliza kusoma. Akakopa kuku kwa mtu wa kuku, mafuta na unga kwa Mhindi wa dukani, akaajiri wasichana wa ziada. Walikula, wakacheza, mkubwa mmoja akaomba sombe mara ya pili. Baada ya sherehe ikabaki fatura.

Fatura hupokelewa na mfumo, na mfumo ulimjua mtu mmoja tu, info@ ya bibi yetu. Alijaribu kutoka Yahoo. Ikapotea. Alijaribu kwenda mwenyewe na karatasi mkononi. Bibi wa manunuzi akamkalisha, akampa maji ya baridi, akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba hata yeye hawezi kuibishia mashine.

Nyumbani kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Mimi niliwaza SNEL. Mke wangu alimshuku bibi mwenye jicho. Raisi alishitakiwa kwa kubadilisha kitu, akalia, akaachiwa huru. Mama mkwe alisema yeye hajaandikiwa tangu mvua ianze na alidhani mjukuu amechoka naye. Kumbe mjukuu alikuwa anaandika, barua zinamrudia, naye akaona aibu kusema. Mwisho binti alifungua daftari la wasajili akaandika jina la bibi. Likatokea: muda umekwisha. Kadi ya shemeki ilikuwa imebadilishwa na benki yake, malipo ya mwaka wa pili hayakupita, na maonyo yote yalikwenda kwenye sanduku la mtu aliyetoka kwenye kundi.

Mpwa, ambaye alikuwepo kwa ajili ya chakula, akajaribu kumfariji mke wangu kwa habari ya kweli. Hata nchi iliwahi kupatwa na haya. Baadhi ya seva zinazoongoza majina ya .cd zilitegemea jina jingine, scpt-network.com, la shirika la posta na mawasiliano. Mwishoni mwa 2020 jina hilo likaachwa likaisha muda. Mtafiti wa usalama, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify ya Sweden, alikuwa akiliangalia, na tarehe 30 Desemba akalinunua mwenyewe ili lisiangukie mikono mibaya. Mhalifu angelipata, angeweza kuelekeza anakotaka karibu nusu ya maulizo ya majina yote ya .cd, yaani ya serikali, ya benki, ya kila mtu, na barua zao zingemfuata yeye. Januari 2021 akawaandikia wahusika. Wakahamia jina jipya lenye .net.

Mjomba alikohoa akatazama mwembe. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

“Huyo wa Sweden, alitaka aombwe msamaha kwanza?”

“Hapana, tantine.”

“Basi nchi ina bahati kuliko mimi.”

Kwa sababu shemeki alikuwa hapokei. Simu ya dada haipokei, yangu haipokei, ya mpwa aliipokea akasikia sauti akakata. Siku zilikuwa zinahesabika. Jina la .com likiisha muda, msajili humpa mwenyewe nafasi ya kulipa kwa bei ya kawaida, kwetu ilikuwa wiki chache. Halafu linaingia siku thelathini za mwisho ambazo bado anaweza kulikomboa, lakini kwa faini. Halafu linatupwa sokoni na anayewahi analichukua. Wakati huo tulikuwa tumeshavuka ya kwanza. Mtu wa kuku akaanza kupita mbele ya geti letu jioni, akisalimia kwa heshima kubwa mno.

Ndipo mama mkwe akaomba simu. Desemba Bruxelles iko nyuma yetu kwa saa moja, na alingoja mpaka awe na hakika mwanawe ametoka kazini na bado hajala. Aliketi kwenye mkeka, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie na akatuonya kwa jicho kwamba hatupo.

Hakutaja barua pepe. Aliuliza kama kuna baridi. Aliuliza kama mtoto ameota meno, kama mkewe bado anaumwa mgongo, kama unga wa mahindi unapatikana huko. Alimweleza mvua ya Katuba jinsi ilivyobomoa ukuta wa jirani. Alimweleza kilio cha Likasi kuanzia mwanzo, nani alilala wapi, nani alipika, nani hakuonekana, na katika maelezo yake pesa haikupungua wala hakuna aliyerekodi kitu. Shemeki akawa anaitika, ndiyo mama, ndiyo mama, sauti ikizidi kuwa ya mtoto. Halafu akanyamaza kidogo.

“Bibi yangu,” akasema, “yule niliyempa dada yako jina lake. Nasikia yuko kwako na amefungiwa mlango.”

Kimya. Mke wangu aliuma kona ya kitenge.

“Mama, mimi sikumfungia. Ni kadi.”

“Najua, mwanangu. Basi mfungulie.”

Akamfungulia usiku uleule. Faini pamoja na mwaka mpya vilipita dola themanini, na safari hii hakusema ni zawadi. Alisema kwamba jina amelilipia mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu yoyote ni lake, ila atatupa. Mke wangu alitaka kurekodi ujumbe wa sauti. Mama mkwe akaiweka simu chini ya paja lake mpaka asubuhi.

Fatura ikapita, mgodi ukalipa, mtu wa kuku akapungukiwa na heshima akarudi kuwa jirani. Ikabaki kulihamisha jina litoke Ubelgiji liandikwe kwa kampuni. Shemeki alibadilisha jina la mmiliki bila kinyongo, lakini msajili akaweka kufuli la siku sitini kabla ya kuruhusu lihamishiwe kwa msajili mwingine. Siku sitini! Upande wa huku palisemwa maneno. Yeye akatuma ukurasa wa sheria zenyewe, binti akausoma wote, akathibitisha kwamba shemeki hasemi uongo: ni kanuni ya ICANN, wasimamizi wa majina haya, imewekwa ili mwizi akibadilisha mmiliki asiweze kukimbia na jina siku ileile. Mama mkwe alisema hiyo ni kanuni nzuri na kwamba ingefaa hata kwenye viwanja.

Mke wangu alitumia muda huo kutafuta kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, ya kampuni, yenye jina lake limechongwa kwa herufi za dhahabu. Siku kufuli lilipofunguka shemeki akatuma nywila ya kuhamisha, binti akaiingiza, jina likavuka na kuongezewa mwaka kama ilivyo desturi ya uhamisho wa .com. Mpwa akasisitiza jambo moja, nami namhesabia kwa hili chakula chote alichokula: anwani ya mawasiliano ya akaunti isiwe ndani ya jina lenyewe, maana jina likifa, onyo nalo linafia humohumo. Ikabidi iwe ile ya Yahoo yenye tarakimu za kijana wa saiberi. Neno la siri limebadilishwa. Haliko ndani ya Biblia.

Shemeki alikuwa na sharti moja la amani, na lilikubaliwa pale pale kwa sababu halikugharimu kitu: naye apewe sanduku. Sasa anayo anwani yake kwa jina la bibi, na chini ya kila barua anaweka saini ya mistari minne, Mwakilishi wa Ulaya, na namba ya simu anayoipokea. Kila Jumapili anatuma ripoti. Anakwenda Matonge, pale Ixelles, anakula sahani moja kwenye mgahawa wa Wakongomani, anaipiga picha na karatasi ya bei kando yake, anaandika maoni kuhusu chumvi. Mke wangu husoma zote, hasa bei. Alipoona sahani ya sombe inauzwa euro ngapi, aliniomba nihesabu kwa franka, akaomba nihesabu tena polepole, na tangu wiki iliyofuata arusi zimepanda.